Kuchagua Linux kwa Kompyuta ya Nyumbani: Mwongozo kwa Mwananchi Anayeanza

ARUSHA: Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha utoaji wa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa sokoni tangu mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka, kuandika barua na kufungua tovuti kama zamani. Kilichokoma ni ulinzi: kila udhaifu unaogundulika baada ya tarehe hiyo unabaki wazi, isipokuwa kwa mtumiaji aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft, ambao kwa watumiaji binafsi ulipangwa kudumu mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja kaya za mijini, zikiwemo za Kata ya Ngarenaro, magharibi mwa kitovu cha Jiji la Arusha, ambako kompyuta ya nyumbani aghalabu hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Kompyuta hiyo moja hutumiwa na watu wengi: mwanafunzi anayesoma vitabu kupitia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kijana anayeomba kazi kwenye Ajira Portal au mkopo wa elimu ya juu, na mzazi anayewasilisha ritani ya kodi. Ndani yake huhifadhiwa nakala za vyeti, namba za utambulisho, nywila na picha za familia. Kompyuta isiyo na ulinzi si hasara ya mashine pekee. Ni mlango wa kuingilia katika mambo ya nyumba nzima.

Windows 11 si suluhisho kwa kila mashine. Mfumo huo unahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha inayokubalika, ambapo kwa prosesa nyingi za Intel mpaka ni kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 zinaishia nje ya mpaka huo hata kama bado ni nzima. Njia iliyozoeleka mtaani ya "kupigiwa Windows" kwa nakala isiyo na leseni nayo haiondoi tatizo. Nakala ya namna hiyo inaweza kuja na programu haribifu iliyopachikwa ndani, na kuitumia ni kukiuka haki za mwenye programu zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kwa kaya isiyo tayari kununua mashine mpya, ipo njia nyingine ya halali na isiyo na malipo ya leseni, nayo ni kuhamia Linux. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua aina inayomfaa mtu anayeanza, na pia hali ambazo ni heri kutohama.

Linux ni nini

Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichotangazwa na Linus Torvalds mwezi Agosti 1991, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Kiini hicho ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia, kukichunguza, kukibadili na kukigawa. Mwananchi mwenye simu ya Android tayari anakitumia kila siku, kwa kuwa Android imejengwa juu yake.

Kwenye kompyuta, kiini peke yake hakitoshi. Vikundi na kampuni mbalimbali hukichukua, hukiwekea mwonekano wa skrini, kivinjari, programu za ofisi na zana za kuongeza programu nyingine, kisha hutoa kifurushi kamili. Vifurushi hivyo huitwa distro. Zipo distro nyingi sana, na wingi huo ndio humchanganya anayeanza. Habari njema ni kwamba zinazomfaa ni chache, na maswali manne yanatosha kumfikisha kwenye jibu.

Kiswahili nacho si kigeni katika uwanja huu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili iliyojengwa juu ya OpenOffice.org. LibreOffice, ambayo leo huja ndani ya distro nyingi, ni mrithi wa programu hiyo hiyo ya OpenOffice.org. Hata hivyo, tafsiri ya Kiswahili katika distro zenyewe haijakamilika, hivyo mtumiaji ategemee kukutana na Kiingereza kwenye sehemu kubwa ya skrini.

Swali la kwanza: mashine ina uwezo gani

Uchaguzi wa distro huanza na kompyuta iliyopo mezani, si na sifa za distro. Mambo matatu yaangaliwe: ukubwa wa RAM, aina ya diski na aina ya prosesa. Kwenye Windows, taarifa hizo hupatikana katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza kuhusu kompyuta.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi inaweza kubeba distro yoyote kati ya zinazotajwa hapa chini. Yenye GB 4 itafanya kazi vizuri iwapo itawekewa mwonekano mwepesi. Yenye GB 2 itawaka, lakini mtumiaji atapaswa kuridhika na kurasa chache za intaneti kwa wakati mmoja. Ikumbukwe kwamba mzigo mkubwa wa kompyuta ya leo hutokana na kivinjari kuliko mfumo endeshi. Distro nyepesi huacha nafasi zaidi kwa kivinjari, lakini haiwezi kuongeza RAM ambayo haipo.

Mashine yenye diski ya zamani inayozunguka hupata nafuu kubwa ikibadilishiwa diski ya SSD. Mara nyingi badiliko hilo moja huonekana kwa macho kuliko tofauti yoyote kati ya distro na distro, na ni vyema lifanywe kabla ya kuweka mfumo mpya ili kazi isirudiwe.

Kuhusu prosesa, distro kubwa za sasa zinahitaji prosesa ya biti 64. Toleo la Debian 12 la Juni 2023 lilikuwa la mwisho la Debian kutoa kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Mwenye mashine ya biti 32 pekee ajue kwamba muda wake unayoyoma, na asiingie gharama kubwa kuifufua.

Swali la pili: masasisho yatadumu hadi lini

Sababu ya kuondoka kwenye mfumo usio na ulinzi ni kupata ulinzi. Kuhamia distro ambayo itaachwa baada ya miezi michache ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kwa sababu hiyo, anayeanza achague toleo la muda mrefu. Ubuntu hutoa toleo la namna hiyo kila baada ya miaka miwili na kulipatia masasisho kwa miaka mitano. Toleo la 24.04 la Aprili 2024 linahudumiwa hadi mwaka 2029. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 na kujengwa juu ya toleo hilo, nayo inafika 2029. Kwa upande mwingine, kila toleo la Fedora huhudumiwa kwa takriban miezi 13, jambo linalomlazimu mtumiaji kupandisha toleo mara kwa mara na kutumia data nyingi zaidi.

Swali la tatu: bando litatosha

Distro ni bure, lakini upakuaji wake si bure kwa anayelipia data. Faili la Linux Mint 22 lina ukubwa wa karibu GB 3, ilhali la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Juu ya hapo, masasisho ya kwanza baada ya kuweka mfumo huweza kufikia mamia ya MB. Kaya isiyo na intaneti ya kudumu inaweza kupakua wakati wa bando la usiku, kutumia mtandao wa chuo au ofisi inayoruhusu, au kupata nakala kwa mtu anayeaminika. Linux Mint na Ubuntu zina zana ya kuchagua seva iliyo karibu, na hiyo huharakisha masasisho yanayofuata.

Swali la nne: nani atasaidia ikikwama

Distro nzuri isiyojulikana na mtu yeyote wa karibu itamchosha anayeanza kuliko ya kawaida ambayo jirani anaifahamu. Arusha ina bahati ya kuwa na vyuo vinavyofundisha masuala ya kompyuta, vikiwemo Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu Arusha na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, chini ya Mlima Meru. Ni nadra mtaa kukosa mwanafunzi au mhitimu wa fani hiyo, na distro ambayo watu wa aina hiyo huwa wamekutana nayo zaidi ni Ubuntu. Kwa kuwa Linux Mint na Zorin OS zimejengwa juu ya Ubuntu, majibu mengi yanayoandikwa kwa ajili ya Ubuntu huzifaa pia.

Distro zinazomfaa anayeanza

Linux Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Mpangilio wake unafanana na Windows ya kawaida: kitufe cha menyu kiko kona ya chini kushoto, orodha ya programu zilizofunguliwa iko chini, na saa iko kulia. Hutolewa katika mionekano mitatu, yaani Cinnamon, MATE na Xfce. Watengenezaji wake wanataja RAM ya GB 2 kuwa kiwango cha chini na GB 4 kwa matumizi ya raha. Kwa kompyuta yenye GB 4 au pungufu, Xfce ndiyo inayofaa. Yenye GB 8 ichukue Cinnamon.

Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za Kibantu za huko lenye maana ya utu. Ndiyo yenye maandiko mengi ya msaada. Mpangilio wake ni tofauti na Windows na unahitaji siku chache za kuzoea, na inafanya kazi vyema zaidi kwenye mashine yenye GB 8.

Zorin OS hutengenezwa Ireland na imeundwa mahususi kwa watu wanaotoka Windows. Ina toleo la kulipia na lisilo la malipo. Kwa matumizi ya nyumbani, lisilo la malipo linatosha.

Lubuntu na Xubuntu ni matawi mepesi ya Ubuntu kwa mashine dhaifu. Matoleo yake ya muda mrefu huhudumiwa kwa miaka mitatu badala ya mitano.

Onyo moja linahitajika kwa vijana. Wengi husikia sifa za Kali Linux na kuifanya distro yao ya kwanza. Kali ni zana ya wataalamu wanaopima usalama wa mitandao, na watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa anayeanza kujifunza Linux wala kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani.

Kwa kuzingatia maswali yote manne, kaya nyingi zenye kompyuta ya zamani ya GB 4 zitaanza salama na Linux Mint ya Xfce. Asiyeridhika nayo anaweza kubadili baadaye bila gharama ya leseni.

Jaribu kabla ya kufuta chochote

Faida kubwa ya distro hizi ni kwamba zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Flashi ya GB 8 inatosha kwa faili la Linux Mint au la Ubuntu. Faili la ISO hupakuliwa kutoka tovuti rasmi ya distro, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili faili kwa njia ya kawaida hakutoshi, na kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo hufutika.

Baada ya kupakua, faili lihakikiwe kwa kulinganisha alama yake ya SHA256 na iliyochapishwa kwenye tovuti rasmi. Hatua hii si ya kupuuzwa. Februari 2016, wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kwa muda mfupi wakawaelekeza wapakuaji kwenye nakala iliyochezewa.  Aliyeipakua bila kujua aliikaribisha nyumbani.

Kompyuta ikiwashwa kwa flashi, mtumiaji apime vitu anavyovitegemea: Wi-Fi, sauti, kamera, printa, usingizi wa mashine inapofunikwa, na tovuti za huduma za Serikali anazozitumia. Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi huhitaji kuongezewa programu ya kuviendesha. Wakati huo simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB inaweza kutoa intaneti ya muda. Mfumo huwa mzito kidogo ukiendeshwa kutoka kwenye flashi, hivyo kasi yake isihukumiwe hapo.

Siku ya kuweka mfumo

Hasara kubwa zaidi katika kuhama haisababishwi na Linux bali na haraka. Kisakinishi huuliza kama diski nzima ifutwe au mfumo mpya uwekwe pembeni ya Windows. Anayechagua kufuta bila nakala ya kumbukumbu huenda asizione tena picha na vyeti vyake.

Kwanza, mafaili yote muhimu yanakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa inasomeka. Pili, anayetaka kubaki na Windows pembeni aangalie kama diski imefungwa kwa BitLocker; kama ndivyo, ufunguo wa kuirejesha uandikwe na kutunzwa kabla ya kubadili chochote. Tatu, mashine ya mezani iunganishwe na UPS, na kompyuta mpakato iwe na chaji kamili na ibaki kwenye umeme, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kubaki nusu. Nne, nywila itakayowekwa iandikwe mahali salama.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Huduma nyingi za Serikali kwa umma hupatikana kupitia kivinjari, na Firefox ipo ndani ya Linux Mint na Ubuntu. WhatsApp ya kwenye kivinjari inafanya kazi, na Zoom ina toleo la Linux. LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ingawa nyaraka zenye majedwali au mapambo mengi zinaweza kuhama kidogo mpangilio. Barua ya maombi ya kazi ni vyema itumwe kama PDF, ili mpokeaji aione kama ilivyokusudiwa.

Microsoft Office ya kuweka kwenye mashine haina toleo la Linux, isipokuwa ile ya kwenye kivinjari. Vivyo hivyo kwa programu za Adobe, baadhi ya programu za uhasibu na baadhi ya michezo. Mfanyabiashara ambaye hesabu zake zote zimo kwenye programu ya Windows, au mwenye printa na mashine za steshenari zisizo na programu ya Linux, asihame mpaka apate mbadala uliojaribiwa. Kwake, kujiandikisha katika mpango wa nyongeza au kutafuta mashine inayokubali Windows 11 ni uamuzi wa busara zaidi.

Baada ya kuhama

Linux hushambuliwa mara chache zaidi kwenye kompyuta za nyumbani, lakini haina kinga kamili. Masasisho yawekwe walau mara moja kwa wiki, na programu zichukuliwe kwenye ghala rasmi la distro badala ya tovuti zisizojulikana. Amri iliyonakiliwa mtandaoni isibandikwe kabla ya kueleweka inafanya nini, hasa inapodai nywila. Aidha, hakuna distro inayoweza kumlinda mtu anayeitoa nywila yake mwenyewe kwa tapeli wa simu au barua pepe.

Linux Mint huja na zana ya Timeshift, ambayo hurudisha mfumo katika hali ya awali iwapo sasisho litaleta hitilafu. Zana hiyo hutunza mfumo. Kwa mpangilio wake wa kawaida haitunzi mafaili binafsi. Nakala ya vyeti, picha na kazi za shule iendelee kuwekwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo ihifadhiwe mbali na kompyuta.

Mwananchi anayehitaji tahadhari za usalama wa mtandao anaweza kufuatilia taarifa za TZ-CERT, timu iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayetaka kuhama anaweza kuanza na hatua ndogo isiyo na hasara: flashi moja, faili moja lililohakikiwa na jioni moja ya kujaribu, huku diski ya kompyuta ikiwa haijaguswa.